Kivuli cha Kiganja: Maswali Yenu Kuhusu Mwanga wa Okidi za Ndani

Toleo lililopita niliandika sentensi mbili tu kuhusu okidi, tena nikiwa namjibu mtu wa mbolea ya waridi. Mhariri ameniletea bahasha nzima ya barua, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: niiweke wapi humu ndani? Nimechagua saba. Mliobaki msinune, wengi wenu mtajikuta ndani ya majibu ya wenzenu.

Kwa wageni wa safu hii: nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka 31, nikastaafu, na darasa langu la mwisho likanipa zawadi ya okidi badala ya saa ya ukutani. Niliiweka juu ya televisheni. Ilikufa kabla ya Idi. Hizi nilizo nazo sasa, 19, zinaishi ndani ya nyumba yangu hapa Chumbageni, Tanga, na karibu kila moja imehamishwa dirisha mara mbili tatu kabla ya kutulia.

Mwalimu, shikamoo. Siku ya sendofu ya binti yangu tulizawadiwa okidi nyeupe. Ilikaa na maua karibu miezi mitatu juu ya meza ya sebuleni. Yalipodondoka, basi. Huu mwaka wa pili, majani ni mazuri, kijani kimekolea kabisa, lakini ua hata moja hakuna. Niliona video mtaalamu akisema iwekwe dirisha la kusini, nikaipeleka chumba cha wageni ambacho dirisha lake ni la kusini. Hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi? – Mama Bi Harusi, Mikocheni, Dar es Salaam

Marahaba mama, na hongera ya kuozesha.

Hujakosea, umedanganywa na macho, nayo hudanganya kila mtu. Ukiingia penye giza mboni inatanuka, ukitoka juani inasinyaa, na wewe mwenyewe huna habari. Kwa hiyo sebule inaonekana imejaa mwanga, kumbe mmea umo gizani. Mwanga unaoangukia kitu hupimwa kwa luksi. Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, linafika luksi 100,000 hivi. Okidi yako, ambayo kwa maelezo yako ni ya aina iitwayo falenopsi, inapenda kati ya 10,000 na 15,000. Meza za katikati ya sebule nilizowahi kupima, pazia likiwa wazi, zilikuwa na 150 hadi 300. Ni kama kumpakulia mtu mzima kijiko kimoja cha wali kwa siku, halafu ukashangaa mbona hanenepi.

Na yale maua ya miezi mitatu, mama, hayakutengenezwa kwako. Yalitengenezwa bustanini yalikotoka, kwa mwanga wa huko. Wewe ulikula akiba. Hicho kijani kilichokolea unachokisifu ndicho malalamiko yenyewe: mmea ukinyimwa mwanga hujaza kijani kwenye majani ili unase hata hicho kidogo kinachopita. Falenopsi iliyoshiba ina rangi iliyopoa, inayoelekea jani changa la mgomba. Haipendezi sana machoni kama yako, lakini inatoa maua.

Tuje kwenye dirisha la kusini. Huyo wa kwenye video hakusema uongo, ila alikuwa anasema ya kwao. Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko chini ya ikweta: Tanga ni nyuzi 5 kusini, Dar karibu 7. Kuanzia Machi mwanzoni hadi Oktoba mwanzoni, jua letu la adhuhuri liko kaskazini. Likihamia kusini, kile kipindi cha vuli na kaskazi, linapita juu sana, karibu na utosi, na ukingo wa paa unalikata kabla halijagusa kioo. Chumba chako cha wageni kinachunguliwa na jua, hakiingiwi.

Dirisha letu sisi watu wa pwani ni la mashariki. Jua linaingia likiwa limelala, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne hivi, hewa ikiwa bado haijachemka, tena mwaka mzima. Weka okidi sentimita 30 hadi 60 kutoka kwenye kioo. Nataja sentimita kwa makusudi, kwa sababu watu husema "iko karibu na dirisha" na ukifika unakuta ni mita mbili na kabati katikati. Ukirudi nyuma mita moja tu, mwanga unaweza kubaki nusu au hata robo. Halafu angalia dirisha lenyewe lina nini: vioo vya tinti, wavu wa mbu wenye vumbi la tangu kiangazi, nondo za wezi. Kila kimoja kinachukua chake.

Kifaa cha kupimia unacho tayari. Kesho saa tatu asubuhi nyoosha kiganja sentimita 30 juu ya jani, vidole vimetanuliwa. Tazama jani, usitazame mkono. Ukiona vidole vitano vimechorwa kwa ukingo mkali, kama vimekatwa kwa mkasi, mwanga huo umezidi kwa falenopsi. Ukiona ni mkono, lakini kingo zimelegea na cha kati na cha pete vinaanza kuingiliana, acha hapo hapo. Usipoona kitu, hapo ni mahali pa kuweka picha ya harusi. Wenye simu za kisasa wanaweza kupakua programu ya kupima mwanga. Laza simu pale jani lilipo, kioo kikitazama dirisha, maana kihisi kiko upande wa kamera ya mbele. Tarakimu zake si za kuapia, lakini zinatofautisha 300 na 8,000, na hilo ndilo unalotaka kujua.

Sasa neno la kukuvunja moyo kidogo. Falenopsi haitoi kikonyo cha maua kwa mwanga peke yake. Inataka pia majuma manne hadi sita ya ubaridi, chini ya nyuzi 25. Ikishinda na kulala kwenye nyuzi 28 na zaidi, itaota majani mpaka uchoke nayo. Kwa hiyo mtu wa Lushoto au Njombe anaisahau dirishani na inachanua, na wewe wa Mikocheni unaibembeleza bure. Ubaridi wako unakuja na kipupwe, Juni hadi Agosti. Kama chumba cha kulala kina kiyoyozi na dirisha la mashariki, ihamishie huko majuma hayo, mbali na upepo wenyewe wa kiyoyozi. Kitakachochomoza ubavuni kati ya majani kikiwa na ncha bapa yenye kijifundo, kama ngumi ya kitoto, ni kikonyo. Chenye ncha ya mviringo inayong'aa ni mzizi. Kikishachomoza kikonyo, usiizungushe tena. Kinafuata mwanga, na ukikigeuza geuza maua yatatazama kila mmoja kwake.

Jambo la mwisho kwako, kwa kuwa umesema majani ni mazuri na ningependa yabaki hivyo: mmea ulio gizani haunywi. Okidi nyingi za sebuleni haziuawi na giza lenyewe, huuawa na maji ambayo giza limezifanya zishindwe kuyatumia. Tazama mizizi kupitia kile chungu cha plastiki kinachoonyesha. Ikiwa ya kijani, imelowa, iache. Ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia.

Hujambo Mwalimu. Nina okidi aina ya dendrobiamu, ya zambarau, kwenye kibaraza cha ghorofa ya sita, kinatazama magharibi. Nilikuwa nayo ndani, nikasoma kwamba yapenda jua, nikaitoa. Siku ya tatu majani mawili yakatoka mabaka meupe kama yamemwagikiwa na jiki, sasa yamekuwa meusi katikati. Jirani asema ni ukungu na amenipa dawa ya kupuliza. Nipulize? – Mzee wa Kibarazani, Nyali, Mombasa

Sijambo, mzee wangu. Rudisha dawa ya watu.

Bonyeza baka kwa kidole. Likiwa kavu, limebonyea, limebaki pale pale lilipokuwa juzi, hilo limeungua. Uozo ni laini, unalowesha kidole, unanuka, tena unatambaa, leo hapa kesho pale. Ulivyoeleza wewe ni jua. Jani la okidi ni nene na halipozi haraka. Likipigwa na jua la alasiri bila upepo linachemka kwa ndani, kijani kinakufa kwanza, ndiyo ule weupe, kisha nyama yenyewe. Alama haitapona. Usilikate lakini, sehemu iliyobaki ya kijani bado inafanya kazi.

Mimi nilipata funzo hilo kwa mwembe. Dirisha langu la mashariki lilikuwa na mwembe wa jirani mbele yake, dodo, na kwa miaka minne okidi zangu zilikuwa zinapata jua lililochujwa na majani bila mimi kujua kwamba ndiyo siri ya yote. Asubuhi moja ya Januari jirani akaleta vijana wakakata matawi ya upande wangu, yalikuwa yanamwangushia maembe kwenye bati. Haki yake kabisa, mti wake. Nilitoka kwenda sokoni saa mbili, nikakaa kwa fundi cherehani, nikarudi saa tano. Falenopsi tatu za mstari wa mbele zilikuwa zimepata doa kila moja kwenye jani la juu, mahali pale pale, kama zimepigwa pasi. Nikaligusa moja, lilikuwa la moto kuliko kikombe cha chai kilichoachwa mezani. Tangu siku hiyo sitazami tu, nagusa. Jani likiwa na joto kuliko mgongo wa mkono wangu, nasogeza chungu papo hapo, bila kungoja kivuli kinieleze.

Dendrobiamu yako inapenda mwanga kuliko falenopsi, luksi 20,000 hadi 30,000, kwa hiyo usiogope ukairudisha gizani. Na joto la Mombasa haliisumbui kama linavyoisumbua falenopsi. Ningekuwa natoa ushauri wa ununuzi, watu wote wa pwani ningewaambia waanze na dendrobiamu. Kosa ni haraka. Mmea uliotoka ndani ni kama mtu aliyetoka kulazwa. Weka nyuma kabisa ya kibaraza, ukutani, jua lisiguse. Wiki ya pili uusogeze mpaka upate jua la mwisho la siku kwa muda wa saa moja, wiki ya tatu kwa muda wa saa mbili. Mbele tundika ule wavu mweusi wanaofunikia vitalu vya miche, unaokata nusu ya mwanga. Saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri ndiyo saa ya hatari kwako, hapo usiuamini mwezi wowote.

Habari Mwalimu. Naishi Pipeline, Nairobi, ghorofa ya pili. Jengo lingine liko hatua tatu kutoka kwa dirisha langu, hata saa sita mchana nawasha taa. Rafiki amenipa falenopsi. Kuna taa za zambarau zinauzwa za mimea, lakini ni bei, na stima nayo unajua. Niirudishe tu? – Mpangaji wa Gizani

Usiirudishe. Wewe una kitu ambacho watu wa Dar wangekinunua kwa fedha nyingi: usiku wa baridi bila kiyoyozi. Unachokosa ni mwanga tu, na mwanga unanunulika.

Zambarau si lazima. Mimea hutumia sana nyekundu na bluu, ndiyo maana wakatengeneza taa za rangi ile, lakini taa nyeupe ya kawaida ya LED ina rangi zote hizo ndani yake, tena haikufanyi ukae kama uko disko. Nunua ya wati 20 au karibu na hapo, yenye kofia inayorudisha mwanga chini. Kwenye boksi tafuta namba kati ya 4000 na 6500, ndiyo rangi ya mwanga. Itundike sentimita 20 hadi 30 juu ya majani. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha: wanaifunga darini halafu wanasema taa za mimea ni uongo. Balbu ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaofika haubaki nusu, unabaki robo. Mara tatu, unabaki moja ya tisa. Wanafunzi wangu walikariri hilo kwa ajili ya mtihani, na wengi bado wanasoma gazeti chini ya taa ya darini.

Gharama: wati 20 kwa saa 12 kwa siku 30 ni uniti 7.2. Angalia tokeni zako upige hesabu, haifiki hata pasi ya nguo za familia. Tumia kile kiplagi chenye saa, kiwashe saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa kumi na mbili jioni, bila kufikiria tena. Usiiache ikawaka usiku kucha kwa huruma. Falenopsi hufunga vitundu vya majani yake mchana ili isipoteze maji, na kuvifungua usiku kuvuta hewa ya kaboni. Ukiinyima giza umeinyima pumzi.

Na futa majani kwa kitambaa kibichi kila wiki mbili. Vumbi la Nairobi nalijua.

Bibi Mwalimu, shikamoo. Eti vanila ni okidi? Tunayo shambani, imekumbatia miti ya kivuli. Nataka kuotesha moja ndani ya nyumba. – Mjukuu wa Bukoba

Marahaba. Ndiyo, ni okidi, tena ndiyo okidi pekee ambayo wengi wetu tumeila kwenye keki. Asili yake Meksiko, na ile njia ya kuchavusha kwa mkono mnayoitumia huko iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtumwa wa umri wa miaka 12. Inataka nusu kivuli, kama mnavyoipa shambani. Ndani itaishi kwenye dirisha la mashariki, lakini haitoi ua mpaka irefuke mita kadhaa. Kama dari yenu ni ya kawaida, iache shambani.

Assalaam alaykum Bibi Mwalimu. Miye niko Maskati, nimezaliwa Unguja. Hapa petu madirisha yana mapazia mazito sababu ya jua, na kiyoyozi hakizimwi. Falenopsi ilikuja na matumba kumi na moja, yote yakageuka manjano yakaanguka, moja baada ya moja. Nimeambiwa ni jua kali. Lakini jua lenyewe haliioni! – Bi. Mkubwa wa Maskati

Waalaykumu salaam, Bi. Mkubwa. Umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho.

Mmea unaotolewa penye mwanga mwingi na kutiwa gizani ghafla hutupa matumba kwanza, kama jahazi linavyotupa shehena baharini. Ongeza upepo mkavu wa kiyoyozi ukivuma moja kwa moja juu ya kikonyo, matumba hayana pa kushika. Ya safari hii yamekwenda. Kikonyo kikiwa bado kijani usikikate, huenda kikatoa tawi.

Lililonifurahisha kwenye barua yako ni jiografia. Maskati iko nyuzi 23 na nusu kaskazini, karibu juu kabisa ya mstari wa Tropiki ya Kansa. Nilichomwambia mwenzako wa Mikocheni kwako kinageuka. Jua lenu la mchana liko kusini karibu mwaka mzima, na Desemba linashuka hadi nyuzi 43 hivi juu ya upeo, likiingia ndani ya dirisha la kusini mpaka kwenye zulia. Juni liko utosini kabisa, haliingii. Kwa hiyo wewe unaweza kulisikiliza lile dirisha la kusini la kwenye video, Novemba hadi Februari, ukiwa na pazia jepesi la ndani. Kiangazi chenu, nje kukiwa na nyuzi 40 na zaidi, ihamishie mashariki au kaskazini, sentimita 50 kutoka kwenye kioo na si pungufu, maana kioo chenyewe kinakuwa kikaango. Pazia zito lifunguliwe alfajiri mpaka saa tatu. Saa tatu hizo ni mlo wa kutosha kuanzia.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, Lushoto. Msituni kwetu kuna okidi nyingi kwenye miti. Nikibandua mbili tatu zile ndogo nyeupe nikaziweka chumbani kona yenye mwanga, zitaishi? Na naweza kuziuza?

Marahaba mwanangu. Hapana, na hapana.

Okidi zote za mwituni zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na msitu wa hifadhi una sheria zake juu ya hapo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, kona yako ingeziua. Zile zimezoea ukungu wa Usambara unaopita kila jioni na hewa isiyosimama.

Badala ya kubandua, kazi yenyewe ninayokupa ni hii: nenda na daftari. Andika kila okidi unayoiona iko urefu gani kutoka ardhini, upande gani wa shina, na kama kuna tawi juu yake. Utaona kwamba zile nyeupe zenye mkia mrefu nyuma ya ua zinakaa chini, kivulini, na zinanukia usiku kwa ajili ya nondo. (Nondo mdudu, si nondo ya dirishani. Falenopsi nayo jina lake kwa Kigiriki lina maana ya mfano wa nondo, kwa umbo la ua.) Ukishuka nchi tambarare kuelekea pwani, okidi chui, ile ya manjano yenye madoa, utaikuta juu kabisa kwenye matawi makubwa, karibu na jua, na majani yake si ya kijani kilichokolea. Daftari hilo litakufundisha mwanga kuliko barua yangu.

Kama unataka mmea wa kona yenye mwanga mdogo, otesha ua la kwenu wenyewe, lile la zambarau lenye majani ya manyoya, Waingereza huliita African violet, ambalo dunia nzima inaliweka madirishani. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka milima ya huku Tanga mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, na siku hizi zilizooteshwa vitaluni zinauzwa. Linaridhika na karibu nusu ya mwanga wa falenopsi, na linaota kutokana na jani moja lililochomekwa kwenye mchanga.

Mwalimu, mimi dirisha la mashariki ninalo, la sebuleni, kubwa. Tatizo ni mume wangu. Hataki pazia lifunguliwe, anasema jua linapausha sofa. Tumegombana mara mbili kwa ajili ya ua! – Mke wa Sofa, Tabata

Mama, na mimi nasikitika kukuambia kwamba shemeji yangu yuko sahihi. Mwanga unaopausha kitambaa ndio huo huo unaoilisha okidi. Sofa lisilopauka kamwe ni ushahidi kwamba okidi nayo haili. Huwezi kumkaribisha mmoja ukamfukuza mwenzake mlangoni.

Mpatane hivi. Nunueni pazia jepesi jeupe la ndani, lile linaloonyesha. Linakata karibu nusu ya mwanga, na okidi ikikaa sentimita 30 nyuma yake itashiba. Pazia zito lifunguliwe kuanzia kumi na mbili na nusu hadi saa nne, yaani muda ambao mwenye sofa yuko kazini. Sofa lisogezwe hatua moja kando, okidi ipewe kistuli mbele. Na mgongo wa sofa, ule upande unaotazama dirisha, mtandike kanga.

Mimi nimefanya hivyo mwaka wa tano sasa. Kanga yangu ya mgongo wa sofa ilikuwa nyekundu, na ilikuwa na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Sasa ina rangi ya uji, na wajukuu wakija wanashindana kusoma kilichoandikwa. Hakuna aliyepatia bado. Juu yake, kwenye ubao wa dirisha, leo asubuhi nimehesabu vikonyo vinne.